Nasaha kwa Mwenye Kuandika Tasnifu ya Saikolojia

Katika vyuo vikuu vyetu vya Afrika ya Mashariki, kuanzia Muhimbili na Mlimani jijini Dar es Salaam hata Nairobi na Makerere, hupatikana wanafunzi wa shahada ya uzamili ambao wamehudhuria mihadhara yote, wamefanya mitihani yote wakafaulu kwa sifa, kisha wakafika kwenye tasnifu na hapo safari ikasita. Si kwamba akili zao zimepungua tangu siku ya mtihani wa mwisho, wala si kwamba utafiti ni jambo lililo juu ya uwezo wa wanadamu. Aghalabu sababu ni kimya. Mwanafunzi huona haya kupeleka sura isiyotimia, akaingoja itimie; msimamizi wake, mwenye wanafunzi wengi na kazi nyingi, hajui kama huyu anaumwa, amesafiri au ameghairi; miezi hupita, haya huzidi kwa kadiri miezi ilivyopita, na mwishowe barua fupi ya kuomba radhi huwa nzito kuiandika kuliko sura nzima. Nayaandika haya kwa ajili ya huyo, na kwa ajili ya yule ambaye ndiyo kwanza anaianza kazi ya tasnifu ya saikolojia na angali na nafasi ya kujiepusha na masaibu hayo, na rai yangu ni moja, ambayo mengine yote yatakayofuata yanatokana nayo: tasnifu hutimia kwa mtu anayeipitisha kazi yake mbele ya macho ya msimamizi ingali ndogo na ingali na makosa, mara kwa mara, tangu swali la kwanza hadi sahihisho la mwisho.

Na tuanze na swali, maana swali lililokosewa halitengenezwi na takwimu yoyote. Mwanafunzi mgeni hupenda swali kubwa kwa kuwa ana ghera ya kuwafaa watu wake, na ghera hiyo ni njema wala sitaki impungukie. Lakini muda anaopewa, ukiondoa miezi ya masomo na miezi ya kungoja vibali, hubaki kidogo sana, na swali sharti lilingane na muda huo. Mtu akija na maudhui ya athari za simu katika afya ya akili ya vijana wa Tanzania, bado hajawa na swali. Ni vijana gani, simu kwa matumizi gani, afya ya akili kwa kipimo kipi? Mtu huyo huyo akirudi baada ya juma moja akasema anataka kujua kama wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza wanaoishi bwenini katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, wenye kutumia simu kitandani baada ya saa sita za usiku, hulala vibaya zaidi na huonyesha dalili nyingi zaidi za sonona kuliko wenzao, basi huyo ameshapata watu wake, mahali pake, vipimo vyake na hata umbo la majedwali yake, na msimamizi aweza kumwambia papo hapo kama jambo hilo lawezekana. Hapana aibu katika udogo wa swali. Watahini hawampimi mwanafunzi wa uzamili kwa ukubwa wa ugunduzi wake. Wanataka kuona kwamba anajua kuuliza jambo barabara, kulichunguza kwa njia ya halali, na kulieleza kwa insafu. Liandike swali lako kwenye karatasi uibandike mbele ya meza yako, kwa kuwa maandiko ya watangulizi yatakuvuta huku na huku, na mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Msimamizi naye huchaguliwa kwa busara ile ile, pale chuo kinapotoa nafasi ya kuchagua. Jina kubwa si kitu kikilinganishwa na mambo mawili: kwamba amewahi kuitumia yeye mwenyewe njia ya utafiti unayoikusudia, na kwamba hurudisha kazi anazopelekewa. Waulize waliokutangulia, watakueleza bila kificho. Mkutano wa kwanza uwe wa mapatano: mtakutana kila baada ya muda gani, kazi ipelekwe siku ngapi kabla ya mkutano, kwa karatasi au kwa barua pepe, na yeye huhitaji siku ngapi kuisoma. Wako wanaodhani kwamba kumuuliza mwalimu mambo kama hayo ni utovu wa adabu. Mimi naona ni adabu kamili, maana humwonyesha kwamba unauthamini wakati wake. Na kila mkutano ukiisha, siku hiyo hiyo kabla hujalala, mwandikie mistari michache kama hii:

“Shikamoo Dokta. Nashukuru kwa mkutano wa leo. Tumekubaliana kwamba nitaliondoa lengo la nne, nitabaki na wanafunzi wa mwaka wa kwanza peke yao, na nitaleta hojaji iliyotafsiriwa Ijumaa ya juma lijalo. Kama nimefahamu visivyo, naomba unisahihishe.”

Barua hiyo haichukui dakika kumi, lakini humkumbusha aliyesahau, huzuia mabishano ya nani alisema nini, na ikiwa msimamizi atakwenda masomoni au atahamishwa, atakayempokea hukuta njia yote imeandikwa. Siku ambayo huna kazi ya kupeleka, peleka habari kwamba huna, na sababu yake, na tarehe mpya.

Sasa nafika mahali ambapo tasnifu nyingi za saikolojia katika nchi zetu huharibika bila ya wenyewe kujua, nami naomba msomaji anivumilie nikikaa hapa kitambo. Mwanasaikolojia anapima mambo yasiyoonekana kwa jicho, huzuni, wasiwasi, kujithamini, na mizani yake ni maswali; maswali hayo kwa wingi yalitungwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watu wa Marekani na Ulaya, ilhali watu wako watajibu kwa Kiswahili na tasnifu yako, katika vyuo vyetu vingi, itaandikwa kwa Kiingereza. Chukua hojaji ya PHQ-9, iliyotangazwa na Kroenke, Spitzer na Williams mwaka 2001. Ina maswali tisa juu ya majuma mawili yaliyopita. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na 10 ndiyo alama inayotumika sana kuwa mpaka wa kumtilia mtu shaka ya sonona. Ni fupi, haina malipo, na mwanafunzi huiona nyepesi. Lakini swali la tatu limeunganisha kukosa usingizi na kulala kupita kiasi, la tano limeunganisha kukosa hamu ya chakula na kula mno, la nane uzito wa mwendo na kutotulia. Msomee swali la tatu mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki, naye atakuuliza kwa haki kabisa: “Mwanangu, wauliza nikosapo usingizi au nilalapo sana?” Jibu utakalompa ni sharti liwe limekwisha kuamuliwa, limeandikwa katika mwongozo wa wadadisi, na liwe lile lile utakalompa mtu wa mia moja. Tena tazama majibu yenyewe. Jibu la tatu katika yale manne, likitafsiriwa harakaharaka kuwa “zaidi ya nusu ya siku,” mtu mmoja atafahamu siku nyingi kuliko nusu ya zile kumi na nne, na mwingine atafahamu kwamba huzuni humshika tangu asubuhi hadi alasiri. Wote wawili watatia alama mahali pamoja, nawe utazijumlisha alama zao kana kwamba wamesema neno moja. Andika “zaidi ya siku saba katika majuma mawili hayo,” na shaka imeondoka.

Kwa hiyo tafsiri ya hojaji si kazi ya jioni moja. Watu wawili wanaozijua lugha zote mbili huitafsiri kila mmoja peke yake, kisha hukaa pamoja wakaafikiana. Mtu wa tatu, ambaye hajaliona andiko la asili, huirudisha kwa Kiingereza, kwa utaratibu ambao Richard Brislin aliueleza mwaka 1970. Na baada ya hapo hojaji hupelekwa kwa watu wachache wa namna ile ile unayokusudia kuwachunguza, ukaomba kila mmoja akueleze kwa maneno yake mwenyewe alichofahamu katika kila swali. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa sana, nayo ndiyo yenye manufaa kupita zote. Kiswahili cha Unguja, cha Kisumu na cha Bukavu si kimoja katika mambo ya moyo, na hojaji iliyoeleweka kwa wauguzi wa mjini yaweza kuwafumba macho wavuvi wa Pemba.

Kabla hujatafsiri lolote, tafuta kama kazi hiyo imekwisha kufanywa. PHQ-9 ya Kiswahili ilijaribiwa magharibi ya Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na matokeo yake yakatangazwa na Monahan na wenzake mwaka 2009. Orodha ya dalili ya Hopkins yenye maswali 25 ilijaribiwa na Sylvia Kaaya na wenzake kwa wanawake wajawazito wenye virusi hivyo Dar es Salaam, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Hapo mpaka uliofaa kuwatenga wenye sonona na wasio nayo ulikuwa chini mno ya ule wa 1.75 unaotajwa katika vitabu vingi. Fikiri maana yake: mwanafunzi anayeuchukua mpaka wa ugenini bila ya kuuliza aweza kuwahesabu wagonjwa kuwa wazima, kisha akapendekeza katika sura ya mwisho kwamba hapana haja ya huduma. Huko Rakai na Masaka, kusini ya Uganda, Paul Bolton na wenzake, ambao mwaka 2003 walitangaza matokeo ya tiba ya vikundi, walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe huzuni huitwaje na hujulikana kwa dalili zipi, ndipo wakachagua kipimo. Mwanafunzi wa uzamili hana muda wa kuyafanya yote hayo, lakini anao muda wa kufanya mazungumzo machache ya namna hiyo, na tasnifu yake itapata nguvu ambayo majedwali peke yake hayaleti.

Jambo jingine katika mlango huu ni sentensi zilizogeuzwa. Kipimo cha kujithamini cha Rosenberg, cha mwaka 1965, kina sentensi kumi, na tano kati ya hizo zimesemwa kwa upande wa kujidharau, hivyo alama zake sharti zipinduliwe kabla ya kujumlishwa. Mwenye kusahau kuzipindua hukuta kipimo cha uthabiti alichokiweka Cronbach mwaka 1951 kimeanguka vibaya, mara nyingine chini ya sifuri, akafadhaika akidhani utafiti wote umepotea. Hata zikipinduliwa, utafiti wa Schmitt na Allik wa mwaka 2005, uliofanywa katika mataifa 53 kwa lugha 28, ulionyesha kwamba sentensi hizo za kukanusha hazifahamiki kwa namna moja kila mahali. Basi ukiona sentensi moja inakwenda kinyume na ndugu zake, usiifiche wala usiifute kimya. Mpelekee msimamizi jedwali kama lilivyo, kisha ulieleze jambo hilo katika tasnifu. Watahini hupenda kuona mtu aliyekiangalia kipimo chake kwa makini.

Juu ya idadi ya watu wa kuwahoji nitasema kwa ufupi. Idadi ya 384 imezoeleka mno katika tasnifu zetu, na wengi wanaoiandika hawajui ilikotoka. Hutokana na kanuni ya kukadiria ni sehemu gani ya umma mkubwa ina jambo fulani, kwa kuruhusu kosa la asilimia tano huku na huku. Kama swali lako ni hilo, itumie. Lakini kama unatafuta uhusiano wa wastani baina ya mambo mawili, ule wa 0.30, watu wapatao 85 hutosha kwa masharti ya kawaida, na kama unalinganisha makundi mawili ukitazamia tofauti ya wastani, 64 kwa kila kundi. Programu ya G*Power, isiyouzwa, hukupa hesabu hizo mara moja. Kwa mahojiano marefu, Guest na wenzake walieleza mwaka 2006 kwamba katika mahojiano 60 waliyoyafanya na wanawake wa Ghana na Nigeria, mambo karibu yote makubwa yalikwisha kudhihiri katika yale 12 ya mwanzo. Hata hivyo wanawake wale walifanana kwa mengi na maswali yao yalikuwa mamoja, na mwenye kuhoji watu wa hali mbalimbali asijifunge kwa idadi hiyo.

Vibali huchukua muda kuliko mwanafunzi yeyote anavyodhani. Andiko la utafiti hupita kwanza kwenye kamati ya maadili ya chuo. Utafiti wa afya Tanzania Bara huingia pia katika mamlaka ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, Zanzibar ina Taasisi yake ya Utafiti wa Afya, na Kenya hutaka leseni ya NACOSTI, chombo kilichowekwa na sheria ya mwaka 2013, baada ya kamati ya maadili kukubali. Kisha zipo barua za njiani: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, hata umfikie mkuu wa shule au mganga mfawidhi, na kila meza ina muhuri wake na siku yake ya kutokuwapo mwenye muhuri. Uliza mapema ni ipi inayokuhusu. Kama wahojiwa wako ni watoto, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, utahitaji ridhaa ya mzazi na hiari ya mtoto mwenyewe, na fomu ya mzazi iliyotumwa nyumbani kwenye mkoba wa shule aghalabu hairudi kwa siku moja. Miezi ya kungoja isiwe miezi ya kukaa bure: andika mapitio ya maandiko, andika sura ya njia za utafiti, na tayarisha faili la kuingizia majibu.

Katika fomu ya maadili kuna mahali pa kueleza madhara yanayoweza kumpata mhojiwa, na wanafunzi huandika kwamba hapana. Sharti niseme wazi. Swali la tisa la PHQ-9 huuliza juu ya mawazo ya kufa na ya kujidhuru, na kama utahoji watu wengi, yupo atakayejibu kwamba anayo. Mtu huyo amekuamini neno ambalo yamkini hajamwambia mkewe wala mama yake, na, kama ni Tanzania, amelisema katika nchi ambayo Kanuni yake ya Adhabu imelitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Haifai kabisa hojaji yake ikunjwe iingizwe mfukoni, ikasomwe baada ya majuma matatu mbele ya kompyuta. Kabla mhojiwa hajainuka kitini, fungua ukurasa ule ulitazame swali la tisa. Kama alama si sifuri, kaa naye, muulize kwa upole kama ana azma na kama ana njia, usimwache peke yake ikiwa hatari i karibu, na umfikishe kwa mtu ambaye jina lake na namba yake ya simu umeshazipata, aliyekwisha kukubali kuwapokea watu wako. Nauli ya kumfikisha iwe katika bajeti yako. Fomu ya ridhaa nayo imwambie tangu mwanzo kwamba siri yake italindwa isipokuwa pale maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini, maana ahadi ya siri isiyo na mpaka ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Mpango huo uandike, mwonyeshe msimamizi, na siku tukio likitokea mpigie simu siku hiyo hiyo. Hapa ndipo shahada ya saikolojia inapotofautiana na shahada nyingi nyingine, na msimamizi asiyekuuliza jambo hili, muulize wewe.

Huko nyanjani kuna kanuni moja inayookoa kazi nyingi: majibu ya leo yaingizwe leo. Kila hojaji iwe na namba, na jina liwe mahali pengine mbali nayo. Jibu lililokosekana liandikwe kwa alama ambayo haiwezi kudhaniwa kuwa jibu, kwa kuwa nimeona 9 iliyowekwa kwa maana ya “hakujibu” ikijumlishwa pamoja na alama za huzuni, na mhojiwa aliyenyamaza akaonekana mgonjwa kuliko wote. Faili la asili usiliguse; fanya hesabu katika nakala yake, na uzihifadhi amri zote ulizoipa programu. Kazi ya hojaji kumi za mwanzo mpelekee msimamizi kabla hujakusanya ya kumi na moja, naye akiona swali linarukwa na wote, bado kuna wakati wa kujua sababu. Yupo pia mtu wa takwimu, anayelipwa ili apeleke majedwali yaliyokwisha kupikwa. Si haramu kujifunza kwake; lakini keti kando yake, amri uziandike kwa mkono wako, na jedwali usiloweza kulieleza kwa maneno lisiingie katika tasnifu, kwa sababu siku ya kuitetea yeye hatakuwapo.

Kwa mwenye kurekodi mahojiano, ajue kwamba saa moja ya sauti huhitaji saa nne hadi sita za kuiandika, na apange siku zake hivyo. Nashauri kwa nguvu kwamba uchambuzi ufanywe juu ya maneno ya Kiswahili kama yalivyosemwa, na tafsiri ya Kiingereza iachwe hadi mwisho kwa yale madondoo yatakayoingia katika sura. Mwenye kutafsiri kwanza kisha akachambua huchambua maneno yake mwenyewe. Pale mama aliposema roho yamwuma, na baadaye akasema moyo umekufa ganzi, tafsiri ya haraka itaandika huzuni mara mbili, na tofauti aliyokusudia kuionyesha itakuwa imezikwa. Wengi hufuata njia ya Braun na Clarke ya mwaka 2006, nayo ni njema, maadam mtu ameisoma makala yenyewe. Baada ya kuyachambua mahojiano mawili, mpelekee msimamizi uone kama naye anayaona uyaonayo.

Katika kuandika, usianze na utangulizi. Anza na sura ya njia za utafiti, kwa kuwa ni habari ya mambo uliyoyafanya, na sehemu kubwa imo katika andiko lako. Ila wakati uliokuwa ujao uwe uliopita, na yaliyobadilika huko nyanjani yasemwe kuwa yalibadilika. Ulipanga kuwahoji 150 ukapata 118? Sema 118, na ueleze waliosalia walikwenda wapi. Baadaye andika matokeo, mjadala, kisha utangulizi. Ukikuta hapana uhusiano pale ulipotazamia uhusiano, hilo ni tokeo kamili, na jaribu la kutafuta jedwali baada ya jedwali hadi moja likupe jibu unalolitaka ni hiyana kwa elimu. Na kama uliwauliza watu wako mara moja tu, usiandike kwamba simu huleta sonona. Yamkini aliye na huzuni ndiye aliyekosa usingizi akaishika simu.

Maoni ya msimamizi yakirudi, nakala imejaa alama nyekundu, iache hadi kesho yake ukipenda, lakini isipite kesho kutwa. Tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema, ulichofanya, na ukurasa ulipo. Pale usipokubaliana naye, sema hukukubaliana na utoe hoja kwa heshima. Wasimamizi wazuri huifurahia hoja, na hukasirishwa na maoni yaliyopuuzwa kimya. Ukiwa na wasimamizi wawili wanaovutana, mmoja akitaka takwimu zaidi na mwingine akitaka mahojiano, usiwe mjumbe wa kubeba maneno baina yao: waandikie wote katika barua moja, eleza njia mbili zilizopo na ile unayoiona kuwa bora, uombe mkutano wa watu watatu. Na msimamizi akinyamaza, mkumbushe kwa upole baada ya majuma mawili, mkumbushe tena, kisha mwone mratibu wa masomo ya uzamili ukiwa na barua zako zote mkononi, bila ya hasira na bila ya kumsengenya mwalimu wako. Kubadilisha msimamizi kunaruhusiwa, lakini hula miezi, na kufanywe pale tu palipokosekana njia nyingine.

Neno dogo juu ya nafsi yako. Mtu aliyewasikiliza wafiwa au waliobakwa saa nyingi kwa juma, kisha akarudi usiku kuzisikiliza sauti zao tena ili aziandike, hawezi kubaki salama bila ya kujilinda. Usiyaweke mahojiano mazito mawili siku moja; pata mtu wa fani yako wa kuzungumza naye pasipo kutaja majina; na usingizi wako ukipotea, mwambie msimamizi, kwa maana hilo ni sehemu ya utafiti wala si udhaifu.

Tasnifu ikishatoka kwa watahini wa ndani na wa nje, huja orodha ya masahihisho, na hapa wako wanaojiona wamefika, wakarudi kazini, orodha ikalala. Ifanye katika mwezi wa kwanza, ungali ukikumbuka kila ukurasa, kwa jedwali lile lile la safu tatu. Ukishakabidhi nakala ya mwisho, andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi juu ya uliyoyaona, bila ya jina la mtu yeyote, uzipeleke kwa mganga mfawidhi au mkuu wa shule aliyekufungulia mlango, na kama ataridhia, uzisome mbele ya wale waliokujibu. Karatasi za ridhaa ziwekwe chini ya ufunguo, kabati tofauti na la hojaji, hadi utimie muda uliotajwa katika kibali chako, na namba ya hilo kabati mwachie msimamizi.